Moto wa Jokofu la Antipasi

Kwa ubishi, Antipasi hakuwa na mwenzake Mungaa nzima. Miaka ile simu za mkononi zilishafika kijijini, umeme bado, na yeye, mganga wa zahanati, alilitunza jokofu la mafuta ya taa kuliko alivyomtunza mkewe. Mkewe hakuchoka kulisema hilo.

Chanjo mpya ya watoto wachanga ilipokaribia, aliwahubiria akina mama mwezi mzima. Vijidudu vya homa ya uti wa mgongo, aliwaambia, hujifunika koti la sukari, na mwili wa mtoto mchanga haulishtukii. Sasa wataalamu wameiunganisha sukari ile na protini inayoushtua mwili, ukiamka unavikamata vyote. Aliyesikiliza kuliko wote ni binti yake, Scola. Ugonjwa huo ulimchukua mtoto wake wa kwanza, na sasa alikuwa na wa pili, wa wiki sita.

Chupa zikafika jioni, zimeshinda juani barabarani. Antipasi akaupandisha moto wa jokofu, maana la mafuta ya taa moto ukikua ndipo linapozidi baridi. Muuguzi wake, Martina, akamkumbusha kuwa ni Julai, usiku una baridi kali, na chanjo hii ikiganda imekufa. Akaambiwa asimfundishe mzee kuwasha kibatari.

Asubuhi chupa zilikuwa barafu tupu. Akaziyeyusha, akazitikisa, vipande vyeupe vikazama chini. Nje walikuwepo akina mama thelathini, Scola mbele kabisa. Angechoma hivyo hivyo, nani angejua? Mtoto angelia vilevile. Aibu ilimkaba, jamani, mzee wa watu.

Akazitupa zote, akatoka, akawaambia ukweli. Walimcheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja akauliza barafu anauzaje. Scola hakucheka. Alimbeba mwanawe mgongoni akaondoka bila kuaga.

Antipasi akapanda baiskeli hadi Singida mjini, akasemwa na wakubwa zake mbele za watu, akarudi siku ya tatu na chupa nyingine. Safari hii moto aliushika Martina, na mganga akapigwa marufuku kulisogelea jokofu lake mwenyewe.

Akina mama walipoitwa tena, Scola ndiye aliyewahi. Antipasi akajivuta pembeni ili Martina ashike sindano. Scola akamkamata mkono.

"Choma wewe, baba. Mkono uliozitupa zile chupa ndio ninaoutaka."