Jina Ndani ya Pindo la Kanzu

Sajini Faruk alimpa Kahambu talaka Jumapili, baada ya kumaliza chai yake yote na kufuta mdomo. Jumatatu sajini huyo akarudi kugawa nyumba. Alipita chumba hadi chumba na viatu vyake vya jeshi, akinyoosha kidole: sebule yangu, chumba cha mbele changu, cha uani changu. Kahambu akabakiziwa jiko. Jiko! Katika nyumba ambayo yeye mwenyewe aliijenga Kansanga kwa cherehani yake, miaka minne kabla hajamjua mtu anayeitwa Faruk.

"Alhamisi twende kwa chifu," Faruk akasema. "Nitasema nyumba niliijenga mimi. Nani atanibishia?"

 Chifu wa gombolola, yaani tarafa ile, siku hizo alikuwa mwanajeshi, na mwaka ule wa 1974 mtu aliitwa nje mara moja tu, watoto wakabaki na viatu vyake mlangoni. Kahambu mwenyewe alikuwa mkimbizi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na hati ya nyumba hakuwa nayo. Ardhi ilikuwa ya Mzee Faustino, na kwa desturi ya Buganda anayepewa kibanja, kipande cha kujengea, humpelekea mwenye ardhi kanzu. Aliyepeleka kanzu ndiye anayetambuliwa pale. Kahambu alikuwa ameishona ile kanzu kwa mkono wake, na ndani ya pindo la chini akatia jina lake kwa uzi mwekundu, kama alivyozoea kwa kila nguo aliyoishona.

Ila baada ya harusi akafanya ujinga. Eti kumtunzia mume heshima, alimpeleka Faruk kwa mzee, akatamka mbele ya majirani, "Huyu ndiye mwenye nyumba." Lo, ulimi! Majirani waliosikia maneno yale walikuwa wengi, na aliyepokea kanzu alikuwa mzee peke yake.

Jumatano asubuhi Mzee Faustino akaja mwenyewe, kanzu imefungwa kwenye gazeti. Kahambu nusura aruke kwa furaha.

"Ssebo, mzee wangu, umeileta! Mungu akuzidishie."

Mzee hakuketi. "Mwanangu, fumua jina."

"Unasemaje?"

"Faruk alikuja kwangu jana. Hakunipiga hata kofi. Aliuliza tu kanzu iko wapi. Mkwe wangu walimchukua Januari, mpaka leo hata mwili hatujapewa. Wakikuta jina lako kwangu, nimekwisha."

"Na mimi je? Ukinitoa hapo nitakwenda wapi? Nirudi Butembo kwa nani?"

Kahambu alikuwa amepandisha sauti, akisahau kwamba dirisha li wazi. Mzee akaanza kupiga magoti.  Mzee wa Kiganda, mbele ya mwanamke aliye rika la binti yake! Kahambu akamdaka mabega kabla hajafika chini.

"Nyanyuka, ssebo, usinitie laana."

Akachukua wembe wa kufumulia. Herufi zilikuwa saba. Alizifumua moja moja akilia waziwazi, kwa hasira kuliko huzuni, maana hakujua amkasirikie nani: yule mzee, Faruk, au ulimi wake mwenyewe. Mzee aliokota nyuzi sakafuni, akazitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, mbele ya meza ya chifu, Faruk alisimama amenyooka.

"Afande, huyu mama anajitapa kwamba alipeleka kanzu na jina lake limo. Mzee ameivaa. Tazama mwenyewe."

Chifu akamwita mzee, akageuza pindo. Hapakuwa na jina. Faruk akacheka kwa sauti, na askari wawili mlangoni wakacheka naye. Kahambu aliinamisha kichwa. Moyoni alikwisha kuanza kufunga mizigo.

Chifu hakuwa ameliachia pindo. Alikuwa akilipapasa kwa kidole gumba, polepole, akitazama vijitundu vya sindano.

"Mzee, nani alikuletea kanzu hii?"

Faruk akakohoa.  Mzee Faustino akatia mkono mfukoni, akaweka mezani kifundo cha nyuzi nyekundu.

"Huyu binti. Jina lake lilikuwa hapo. Nilimwomba alifumue kwa sababu namwogopa sajini, na yeye akanihurumia. Sasa mimi nitamfanyia nini?"

Chifu akazitazama nyuzi, kisha akamtazama Faruk, na ilionekana wazi kwamba hakuwa akimpenda.

"Nyumba ni ya mama, yote. Sajini, rudi kambini."

Faruk akapiga saluti. Hakumtupia Kahambu hata jicho. Alimkazia macho mzee, tangu pale mezani mpaka mlangoni, kisha akatoka akitabasamu.

Furaha ya Kahambu ikamkauka palepale. Huko nje akamshika mzee mkono, akakataa kuuachia.

"Leo hurudi kwako, ssebo. Vyumba vipo."

Akamtandikia chumba cha uani, kile alichokitaka Faruk. Jua lilikuwa bado halijatua walipoketi kula. Kahambu alikuwa akimkatia mzee ndizi gari liliposimama nje, mlango wake ukafunguliwa, na viatu vya jeshi vikaanza kuja taratibu kwenye changarawe. Mzee akaweka tonge chini, akanyoosha kanzu yake. Kahambu akainuka kwenda mlangoni kwake, akasukuma komeo kuufunga, akasimama hapo na wembe mkononi.