Saa Moja ya Jua Kutoka Kongo

"Uuuuf!"

Wapita njia waligeuka wakidhani ni breki za lori. Kumbe ni Abdunoor, fundi cherehani, akishusha pumzi nyuma ya pazia la kibanda chake hapa Koboko, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Tangu mawingu ya Agosti yatande, alikuwa haimbi, hacheki, na chakula alikigusa tu.

"Ndoa ni Ijumaa," mchumba wake Ruqaiya alimwambia. "Ukija na uso huo, sisemi nimekubali. Watu watadhani tumekufunga kamba."

Abdunoor aliogopa. Jumatatu hiyo, redio moja ya Arua ilimleta daktari aliyesema kuna nchi za mbali ambako mchana hufupika sana, na baadhi ya watu huingiwa na huzuni kwa kukosa mwanga. Abdunoor akaruka kitini. Dawa ilikuwa karibu! Saa za Kongo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukitoka Koboko saa kumi, ukatembea saa nzima, unafika Kongo bado ni saa kumi. Saa nzima ya mchana, bure!

Akafunga kibanda, akaenda kwa miguu. Jumanne akaenda tena, Jumatano pia. Alhamisi, kwa kuwa ndoa ilikuwa kesho, aliamua kuukomba mchana wote kama ukoko wa sufuria. Akaketi sokoni huko Kongo kando ya Natale, muuza unga wa muhogo, uso juu kama alizeti.

Saa kumi na mbili za Kongo zilipopita kidogo tu, jua likazama.

"Rudisheni!" Abdunoor akafoka. "Kwetu linazama karibu saa moja! Nyinyi mmelikata!"

"Tulikata na panga gani?" Natale akauliza. "Mutu ya Koboko, jua iko moja. Saa tu ndiyo iko mbili."

Walibishana mpaka koo zikakauka. Abdunoor akarudi akifoka njia nzima, akaingia kwa kina Ruqaiya, akamaliza sahani mbili za maharage kabla hajasalimia mtu.

"Siku nne natembea, kumbe naibiwa!"

Ruqaiya akamtazama. Macho yanawaka, mashavu yamejaa maharage.

"Na ile huzuni?"

Abdunoor akajipapasa kifua kama mtu anayetafuta simu. Haikuwepo. Wakacheka wote wawili mpaka mzee Fadhul, baba yake Ruqaiya, akagonga ukuta.

"Haya, nakubali," Ruqaiya akasema. "Lakini mwakani?"

"Nakuahidi, Ruqaiya. Mawingu yakija tena, nitatoka nje kila siku, hata kama ni kwenda kugombana tu."