Siku ya Ishirini

Mwalimu Yustina alijua kufundisha, hilo hata wasiompenda hawakulibisha. Lakini Chausiku alimshinda. Mwaka wa tatu huu shuleni Manzese, mtoto hata jina lake halisomi. Akiitwa ubaoni anatazama vidole vya miguu. Basi mwalimu akaleta kuku wake wa nyumbani, akamweka kwenye tenga nyuma ya darasa, na daftari pembeni: kila siku mtoto mmoja aandike kuku kala nini, kafanya nini.

Mambo yakageuka, jamani. Kuku alipoanza kuatamia mayai tisa, Chausiku ndiye akawa wa kwanza kufika asubuhi. Alihesabu siku, akaandika, kisha akamsomea kuku alichoandika, maana kuku hacheki mtu. Siku ya kumi na tisa alisoma ukurasa mzima. Yustina alikwenda kulilia chooni, kwa furaha.

Siku hiyohiyo ikaja barua: mkaguzi, Bwana Hilal, atafika kesho kutazama kuku na daftari lake.

Sasa mkaguzi ni mgeni, na mwaka ule ulikuwa wa njaa, watu wanapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tangu alfajiri. Mwalimu mkuu, Mzee Polikarpo, hakutaka aibu.

"Mgeni hawezi kula mchicha shuleni kwangu. Kuku si yupo?"

"Anaatamia, mzee. Bado siku mbili tu."

"Habari zake atazisoma daftarini."

Yustina angeweza kukataa. Kuku alikuwa wake. Lakini na yeye alilelewa hivyohivyo, mgeni lazima achinjiwe. Akanyamaza. Ujinga huo aliujua palepale, na bado akanyamaza.

Alfajiri Salumu mlinzi akachinja, ili mgeni ale bila wasiwasi. Bwana Hilal akala, akawekewa na firigisi, akasifu mchuzi. Ndipo akaingia darasani.

Chausiku alisimama bila kuitwa, akafungua daftari.

"Siku ya ishirini. Tenga halina kuku. Mayai yamepoa. Nimeyasikiliza yote. Moja lilikuwa linagongagonga, sasa limenyamaza."

Hakukosea hata herufi moja. Mkaguzi alianza kupiga makofi, akaacha. "Kuku mwenyewe yuko wapi, Mwalimu?"

Chausiku akaliweka daftari mezani, mbele ya Yustina.

"Shika, mwalimu. Mie sisomi tena."

Na kweli, mwaka ule wote hakusoma.