Mchungaji Anaita

"Sasa Nurto, ngamia akipiga simu, wewe utamjibu kwa lugha gani?"

Ndivyo alivyouliza Ugbad, jirani yake wa ukuta kwa ukuta huko mtaani Galbet, siku ile Ayanle, mume wa Nurto, alipomfunga ngamia wake kiongozi ukanda wenye kisanduku shingoni. Wanawake walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Nurto naye alicheka, kisha akamwita Idman, binti wa kaka yake, aeleze, maana ndiye aliyetengeneza ule ukurasa wa simu wa kuwafuatilia ngamia.

Idman alieleza kama anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Kisanduku hakisemi na simu ya mtu moja kwa moja. Kinapeleka ujumbe kwenye wingu la mtandao, kwa mpokezi asiyelala, na ukurasa umekwisha kumwambia huyo mpokezi: chochote kitokacho kwa ngamia huyu, nipe mimi. Kikikosa mtandao, kinaweka maneno yake tumboni hadi siku kitakapouona mnara wa simu. Na chini ya kifuniko kipo kitufe. Mchungaji akipatwa na shida anafunua, anabonyeza, na simu ya nyumbani inaandika: Mchungaji anaita. Wa nyumbani akigusa neno Nimesikia, taa ndogo inawaka shingoni mwa ngamia, ili aliye porini ajue hakuachwa.

Ukame ulipozidi, Ayanle aliondoka na mdogo wake Daud kutafuta malisho. Wakapita Buna, wakaingia kule ambako minara imekwisha. Daud alirudi peke yake.

Alisema nyoka alimuuma Ayanle mguuni, akafariki Alhamisi kabla ya Magharibi. Maji ya kuosha maiti hayakuwepo. Alimtayamamisha kwa mchanga, akamswalia peke yake, akamzika. Katika mahangaiko hayo ngamia kiongozi akapotea. Nurto aliyapokea kama yalivyosemwa. Mwanamke haendi kuzika, na hata angetaka kwenda, angekwenda wapi? Kila swala alimwombea Daud malipo mema kwa ile mikono iliyomlaza mumewe kuelekea kibla.

Akakaa eda. Idman alitaka kumfuta yule ngamia kwenye ukurasa.

"Mwache," Nurto alisema. "Hanisumbui."

Basi doti yake, nukta ya kijivu kwenye ramani ya simu, ikabaki pale juu ya Buna, mahali kisanduku kiliposema mara ya mwisho, naye akawa anaitazama baada ya swala jinsi mtu anavyotazama mlango wa chumba kisicho na mtu.

Eda ilipokwisha, wazee walileta neno. Daud anataka dumaal, amwoe mjane wa kakaye, watoto wasitoke mikononi mwa ukoo. Mila inampa nafasi hiyo, lakini dini inataka ridhaa ya mwanamke. Nurto aliomba muda wa kuswali istikhara. Daud angekuja kuchukua jibu Jumatatu baada ya Alasiri, na moyo wa Nurto ulikuwa umekwisha kuelemea kwenye ndiyo. Mtu aliyemsitiri mumeo, utamkatalia nini?

Jumatatu hiyo, jua likiwa utosini, simu ililia juu ya kabati.

Doti ilikuwa nyekundu. Mchungaji anaita.

Ugbad alikuwa amekuja kuazima ungo. Alisoma akichungulia juu ya bega la Nurto, na uso ukambadilika.

"Abaayo, dada yangu, usiiguse hiyo."

"Mbona?"

"Aliyekuwa na kile kitufe tumemlia matanga." Akaanza kusoma Ayatul Kursiy, akarudi kinyumenyume hadi uani. Ungo aliuacha.

Nurto hakupiga kelele. Alikaa juu ya mkeka na kutazama. Doti ilisogea kidogo, ikasimama, ikasogea tena, kwa mwendo wa mnyama aliyechoka. Kisha ikatulia mahali pamoja. Simu ikaita, ikanyamaza, ikaita. Mchungaji anaita. Mchungaji anaita. Kama Ayanle yu hai, basi yeye si mjane, ni mke wa mtu, na jibu la Daud halipo. Aligusa Nimesikia. Akagusa tena, na tena.

Idman alifika akihema, ameacha kazi yake ofisini. Aliichukua simu, akafungua ndani zaidi, akasoma ujumbe mmoja mmoja.

"Eeddo," alimwambia shangazi yake, "hizi si za leo."

"Si zinalia sasa?"

"Zinafika sasa. Zilisemwa zamani, zikakaa kwenye kisanduku. Naona kuna mtu amemwokota ngamia, amemleta karibu na mnara, ndiyo maana zinashuka moja baada ya nyingine. Kila ujumbe umebeba siku yake."

Nurto aliachia pumzi. Kwa hiyo hakuna anayetembea. Alichokuwa akikitazama ni njia iliyokwisha kupitwa.

"Siku gani?" aliuliza.

"Wiki ile ile aliyofariki adeer Ayanle."

"Alhamisi?"

Idman hakumtazama. "Ijumaa. Jumamosi pia. Hii ya mwisho ni Jumapili asubuhi."

Nurto alinyoosha upindo wa mtandio wake, akaunyoosha tena.

"Ngamia akijikuna kwenye mti, kitufe kinaweza kubonyea?"

"Hapana, eeddo. Kifuniko kinafunuliwa kwa kidole, halafu unashikilia. Tulikifanya hivyo kwa ajili ya miiba."

"Na kisanduku chenyewe hakiwezi kukosea siku?"

"Kinaipata siku kutoka kwa setilaiti, angani."

Doti bado ilikuwa imetulia. Ngamia alikuwa amepiga magoti kando ya mtu, siku tatu nzima.

Daud alikuja baada ya Alasiri, kanzu imepigwa pasi, mafuta mazuri yananukia. Idman hakuondoka, kwa kuwa si adabu mjane kukaa na mwanamume peke yao. Daud alionja chai.

"Iliki nyingi leo, shemeji. Mwenye habari mbaya haweki iliki."

"Kunywa kwanza," Nurto alisema. "Kisha nisimulie tena ulivyomzika."

"Si nilikwambia?"

"Nataka kusikia kabla sijajibu."

Akasimulia. Alhamisi, kabla ya Magharibi. Mchanga. Swala. Sauti haikuteleza hata mara moja. Alipomaliza, Nurto aliiweka simu juu ya mkeka, katikati yao.

"Ijumaa alibonyeza kitufe," alisema. "Jumamosi alibonyeza. Jumapili asubuhi alibonyeza. Nani aliyekuwa akiniita, Daud?"

Daud aliitazama simu. Kikombe kilikuwa bado mkononi.

"Mguu ulikuwa mweusi hadi nyonga," alisema. "Alishakuwa maiti, Nurto. Pumzi tu ilibaki. Na maji yalimtosha mtu mmoja."

"Ukayachukua."

"Nilimwachia ngamia."

"Ulirudi kumzika?"

Daud aligeuza uso mlangoni. Nje, watoto wa jirani walipita wakifukuza mbuzi, kelele zao zikaja, zikaisha.

Simu ikalia.

Wote watatu waliinama. Mchungaji anaita. Idman alinyoosha mkono, akagusa ujumbe ufunguke, kisha mkono ukabaki hewani. Chini ya maneno palikuwa na siku na saa. Jumatatu. Alasiri. Ilikuwa ya leo, ya sasa hivi.

Daud alisoma, midomo ikitembea kama ya mtoto wa madrasa. Idman akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda ni huyo aliyemwokota ngamia, ameona taa inawaka shingoni, amefunua kifuniko ajue ni kitu gani. Nurto alikuwa akimtazama Daud usoni, naye Daud hakuondoa macho kwenye yale maneno.

"Hilo ndilo jibu langu," Nurto alisema. "Wewe na mimi hatuna ndoa."

Daud aliweka kikombe chini. Simu ililia tena akiwa anainuka. Alivipita viatu vyake mlangoni bila kuvivaa, akakanyaga mchanga wa moto, akaenda zake.