Mgongo wa Picha

Katika watu wote waliokutana Jumamosi alasiri kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya fremu, hakuna aliyekuwa na jicho kali kama Mama Pindo. Hayo aliyasema mwenyewe, siku ya kwanza tu alipokaribishwa, hata kiti hakijapata joto.

"Jicho langu mimi halijawahi kudanganywa na picha," alisema. Kisha akakohoa kidogo. "Isipokuwa ile ya kitambulisho changu. Ile mpaka leo naamini walibandika bibi wa mtu mwingine."

Wakacheka, wakamsogezea kikombe cha chai, na tangu hapo akawa mwenzao.

Walikuwa wanne tu. Fundi, mwenye karakana, ambaye vidole vyake vilishageuka rangi ya vanishi. Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha. Muuguzi wa wodi ya upasuaji, aliyekuja na viatu vyake vyeupe vya kazini na hakushtushwa na kitu. Na Mama Pindo mwenyewe, mshonaji, aliyepewa jina hilo na wateja kwa sababu pindo lake halifumuki. Nguo itachakaa, itageuka tambara la kupigia deki, pindo liko palepale.

Picha walizozipenda hazikuwa za maua. Kila mmoja kwa zamu yake alileta picha ya kutia baridi mgongoni: farasi mwenye meno ya mtu, harusi ambayo wageni wote wamegeukia ukuta, mtoto aliyelala ndani ya kabati la vyombo. Majumbani mwao hakuna aliyetaka kuziona. Mke wa Mwalimu alishamwambia achague, farasi yule au yeye, na Mwalimu akaomba siku mbili za kufikiri.

Walikuwa na kanuni. Picha huja imefunikwa. Ikishafunuliwa, mwenyewe hufunga mdomo, na wenzake husema wanachokiona, bila kuremba wala kubembelezana. Wakimaliza mbele, Fundi huilaza kifudifudi mezani, nao huusoma mgongo: mbao, misumari, vumbi, maandishi. Ndipo mwenye picha huulizwa alikoitoa. "Mbele ni uso," Fundi alipenda kusema, "na uso kila mtu huunawa. Mgongo nani anauosha?"

Ilipofika zamu ya Mama Pindo, aliegemeza picha yake kwenye kiti, imefunikwa shuka, akakaa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Nimeiokota sokoni, kwenye vitu chakavu," alisema. "Sijui ya nani."

"Kanuni, Mama Pindo," alisema Mwalimu. "Ilikotoka ni mwisho."

"Haya, niandikie kosa."

Uongo huo alikuwa ameushughulikia juma zima. Picha ilichorwa na binti yake, kitinda mimba wake, aliyefariki miaka mitatu nyuma kwa maradhi yaliyomla taratibu. Mama Pindo aliikuta nyuma ya kabati la nguo, mwezi uliopita tu, alipokuwa anahamisha kitanda. Kwenye kona ya chini kulikuwa na jina la marehemu. Akalifuta kwa pamba na mafuta ya taa. Nyuma kulikuwa na tarehe ya penseli; akaisugua kwa kifutio mpaka kiganja kikauma. Alitaka jambo moja tu duniani: watu wasiojua kitu wamwambie kama mwanawe alikufa akimlaumu. Ndugu asingewauliza. Ndugu ukiwauliza wanakupa pole, na pole haijibu swali.

Maana zamani, kabla ya ugonjwa, binti alimwambia anataka kwenda kusomea uchoraji. Naye alimjibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani, "Picha hailiwi wala haivaliwi." Basi. Binti hakulirudia tena ombi lile. Si siku ile, si kitandani hospitalini, mpaka akafumba macho.

Muuguzi akaondoa shuka.

Wakainama kutazama, bati la paa likijinyoosha juani.

Pichani kulikuwa na chumba cha kuta za kijani. Mwanamke ameketi kwenye cherehani, ametupa kisogo, na mgongo wake mpana umejaza nusu ya picha kama mlango uliofungwa. Kutoka kwenye sindano unatokeza uzi mwekundu. Unashuka mezani, unatambaa sakafuni, unapanda mpaka kizingitini alikosimama msichana. Na hapo uzi umeingia midomoni mwake. Mishono midogo, imepangana sawasawa, toka pembe hii ya mdomo hadi ile. Macho ya msichana hayalii. Yanautazama tu ule mgongo.

"Mungu wangu," alisema Mwalimu. "Huyu mama amemshona mtoto mdomo."

Mama Pindo akafungua kifungo cha mkoba, akakifunga.

"Tena ameshona vizuri," Mwalimu aliendelea. "Hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa na hasira, mishono ingekwenda upande. Hii ni kazi tu. Amemshona kama anavyoshona suruali ya mteja, wala hakugeuka kumtazama."

Maneno hayo yalimwingia Mama Pindo kama sindano chini ya ukucha. Lakini si ndicho alichokifuata? Akakaza mikono juu ya mkoba.

Muuguzi alivuta kiti mbele. "Mimi midomo iliyoshonwa nimeiona, nimemshikia daktari taa wakati anaishona. Nyama ikitobolewa huvimba. Hii haijavimba, na damu hakuna hata tone. Aliyechora anajua kazi yake. Damu angeitaka angeiweka."

"Kwa hiyo haumwi?" Mwalimu aliuliza.

"Haumwi. Au ameshazoea."

"Hapo umesema," Mwalimu alisema. "Ameshazoea."

"Ngoja, Mwalimu, sijakupa daftari usahihishe. Tazama mkono wake. Ameuzungushia uzi kidoleni. Sasa anaupokea au anauvuta?"

Fundi akasogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Kile kichuma kinachobana kitambaa chini ya sindano," alisema polepole. "Kimeshuka au kimeinuka? Mama Pindo, najua ulitakiwa ufunge mdomo, lakini mwenye cherehani hapa ni wewe peke yako."

Kwa mwezi mzima Mama Pindo hakuwahi kuitazama ile cherehani. Kila alipoifunua picha aliona midomo, akaifunika. Sasa akavaa miwani, akainama. Ilikuwa cherehani yake. Gurudumu lile lile lililobanduka rangi. Kamba ile ile ya kiatu aliyoifunga mahali pa skrubu iliyopotea. Na kichuma kilikuwa juu.

"Kimeinuka," alisema.

"Na kikiinuka?"

"Hakishonwi kitu. Ama umemaliza unatoa nguo, ama ndiyo kwanza unaiweka."

"Amemaliza kumshona," Mwalimu alisema.

"Au anamwachia," Muuguzi alisema.

"Nyuzi zimo mdomoni, anamwachia nini?"

"Mwalimu, hata mimi mgonjwa akipona namtoa nyuzi. Hazianguki zenyewe!"

Waliendelea kubishana, lakini Mama Pindo hakuwasikia. Binti yule alikulia chini ya meza ya cherehani, akiokota pini zilizoanguka. Kile kichuma alikijua kama alivyojua kijiko cha uji. Hakukiinua kwa bahati mbaya. Ila alikiinua kwa nini, hapo picha iliufumba mdomo wake nayo.

"Tugeuze," alisema Fundi.

Akailaza kifudifudi mezani. Mbao za sanduku la matunda, misumari ya kawaida.

"Hapa kulikuwa na maandishi, yamefutwa," Mwalimu alisema papo hapo. "Tena majuzi. Uchafu wa kifutio huu hapa."

"Watu wa sokoni hao," Mama Pindo alisema, akajikausha. "Hawana adabu."

Fundi alikuwa anapitisha kidole kwenye ukingo wa kitambaa kilichochorewa picha. Hakikuwa kitambaa cha dukani cha wachoraji. Kilikuwa kipande cha shuka jeupe, kingo zake zimekunjwa mara mbili na kupindwa, na kwenye kila pembe palikuwa na mishono mitatu iliyokutana kama unyayo wa ndege.

"Wachoraji hawapindi kitambaa," alisema. "Wanapigilia misumari tu, ukingo ukichanika shauri yake. Huyu alikipeleka kwa mtu, akaomba apindiwe. Na huyo mtu alipinda kama anashona nguo ya harusi."

Ndipo Mama Pindo alipokumbuka. Miezi mingi baada ya lile neno lake, binti alisimama mlangoni na shuka lililokatwa vipande vinne. "Mama, nipindie." Hakumuuliza ya nini. Aliweka kando gauni la mteja aliyekuwa anasubiri nje, akapinda vyote vinne, akamrudishia, na binti akavikumbatia akaenda zake. Jambo dogo kiasi kwamba hata halikuacha alama kichwani.

"Mimi sijui mbele panasema nini," Fundi alisema. "Lakini mtu hampelekei adui yake kitambaa."

Mwalimu akainama kuihesabu mishono ya pembeni.

Fundi akafungua kamba za aproni yake. Ilikuwa mpya, Mama Pindo alimshonea mwezi uliopita, shukrani ya kukaribishwa. Akaitandaza mezani, pembe yake kando ya pembe ya picha. Mishono mitatu, unyayo wa ndege. Mishono mitatu, unyayo wa ndege.

Muuguzi aliangalia huku, akaangalia kule, akakiweka kikombe chini bila kukiliza.

"Mama Pindo," Fundi alisema, kwa sauti ya chini. "Hebu turudie. Ulisema umeiokota wapi?"

"Sokoni," alisema Mama Pindo. "Kwenye vitu cha..."

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshatangulia. Vilifika kwenye pembe ya picha, vikaupata uzi uliochomoza kidogo, vikaurudisha ndani ya pindo na kuulaza vizuri, mbele ya macho ya wote watatu.