Fasi ya Kupanga Spana

Ananie alirudi Bulengera, mtaani kwake Butembo, kutoka mazishini Lubero, akafungua kufuli, akasukuma mlango wa gereji, na mlango ukagota kwenye meza ya kazi. Akapitisha bega, kisha tumbo, akaingia. Spana alizoziacha zimelala juu ya meza kwa mpangilio, kutoka namba nane hadi thelathini na mbili, zilikuwa zimepandiana kama dagaa kapuni. Ukuta wa depo la jirani ulikuwa umesogea shibiri moja.

Mkewe, Berthe, aliingia nyuma yake akiwa bado na kitambaa cha matanga kichwani. Akautazama ukuta, kisha akatazama kitanda chao kule nyuma.

"Imetembea," akasema.

"Imetembea," Ananie akajibu.

"Donc kitanda haitaenea tena."

Akaleta msumeno, wakakikata kitanda upande. Halafu Ananie akavua koti la mazishi na kuanza kuzipanga spana upya.

Parseli ile, kiwanja chenye gereji, aliachiwa na baba yake. Ilikuwa nyembamba tangu mwanzo: mbele alitengeneza pikipiki, nyuma kilikuwa chumba cha kulala. Kulia palikuwa na nyumba ya Solange, mjane aliyekaanga maandazi kibarazani kwake. Kushoto palikuwa na depo la Kitsa, mfanyabiashara wa saruji na mabati. Ukuta wa Kitsa ulikuwa wa matofali ya kuchoma, umenyooka, hauna ufa hata mmoja. Ulipotembea ulitembea wote, pamoja na msingi wake, na nyuma yake uliacha udongo laini. Wafanyakazi wa depo walipanga mifuko ya saruji juu ya udongo huo siku ileile.

Ananie alikwenda kumwona Kitsa. Kitsa alimpokea vizuri, akamvutia kiti na kumfungulia Fanta.

"Papa Ananie, mimi sikugusa ule ukuta," akasema. "Uliza batu bote ya hapa. Fundi hakukuya, mucanga haikukuya. Inatembeaka yenyewe."

Alisema kweli. Hakuna aliyemwona fundi wala mchanga.

Basi Ananie akamwita mpimaji wa ardhi, bwana mmoja aitwaye Ignace, mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Equateur. Ignace alipima, akapima tena, akapangusa jasho shingoni. Alikuwa mtu mwema, na jambo lile lilimsikitisha.

"Ukuta iko natembea, c'est vrai," akasema. "Mais sheria inauliza nani alijenga. Hapa hapana mutu alijenga. Nitaita nani ku bureau? Nitaita matofali?"

Akakunja utepe wake, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Mara ya pili ukuta ulisogea walipokwenda wote wawili kwenye misa ya Pasaka. Hapo Berthe akaelewa. Ukuta ulingoja mpaka asiwepo mwenye parseli. Kwa kujaribu, wakamwomba Solange akae mle ndani wao wakienda sokoni. Solange alikaa na sufuria yake ya unga. Waliporudi walimkuta amesukumwa hadi katikati, amekaa vilevile, anaendelea kukanda.

"Ilipita polepole," akawaambia. "Ilisukuma tu ndala zangu. Nazani inajua miye si wa hapa."

Tangu siku hiyo Ananie na Berthe waliacha kutembea pamoja. Mmoja akitoka, mwingine alibaki. Berthe alikwenda misa ya kwanza na Ananie misa ya pili, wakapishana njiani pale kwenye mikaratusi, wakasalimiana kama majirani. Parokiani watu walidhani wamegombana. Padri akawaombea amani ya ndoa, na kila mmoja, katika misa yake, akaitika amina.

Kisha binti yao Falonne, aliyeolewa Beni, upande wa Bungulu, akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alizaliwa mdogo na kifua dhaifu. Berthe alifunga mzigo wake, akapanda gari. Alisema atarudi mtoto akipata nguvu. Lakini Falonne alikuwa na biashara yake ya mchele, na mtoto, Jephté, hakulala ila mgongoni mwa Berthe, mukaka wake. Majuma yakawa miezi. Ananie akabaki peke yake na ukuta.

Mara moja tu alikwenda kumwona mjukuu. Alimshika, akamnusa utosi, akala ugali na sombe pamoja na mkewe, akalala kitanda kimoja naye, na kesho yake akarudi. Ziara ile ilichukua meza yote ya kazi. Ilimbidi aibomoe kwa nyundo ili apate njia ya kuingia.

Baada ya hapo alijua bei ya kila safari. Kuvuka barabara kununua cheni kulichukua upana wa kidole. Kwenda zahanati kung'oa jino kulichukua kiganja. Akaanza kumtuma Solange amletee maji, chumvi na kadi za simu. Pikipiki alizitengeneza pale mlangoni, mguu mmoja nje na mmoja ndani, na mguu wa ndani ukatosha. Ukuta ulitulia.

Tabu ikawa vyombo. Meza haikuwepo tena, na kabati lilikuwa limekwisha kutolewa. Kwanza aligonga misumari kwenye ukuta wa Kitsa, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono wake, akatundika spana zote hapo. Siku iliyofuata mlinzi wa depo akaja na salamu.

"Patron anasema hana nongwa, Papa. Mais kintu yenye kutundikwa ku ukuta yake, batu batasema ni yake. Anaogopa muje kusumbuana."

Ananie akashukuru, akazishusha zote, akang'oa misumari, akaziba matundu kwa udongo.

Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi hasa. Alikata mipira ya ndani ya matairi, akaivuta kama kamba juu ya boriti za paa, akaitoboa matobo, na katika kila tobo akachomeka spana moja kwa ubavu, kama vitabu rafuni. Spana za bomba alizimezesha, ndogo ndani ya kubwa. Bisibisi zilikaa kichwa chini katika kipande cha mwanzi. Koleo ziliuma waya mmoja kwa meno yao wenyewe, zikaning'inia kama popo. Msumeno ulilala juu ya fremu ya mlango. Kila kitu kilikuwa na fasi yake. Alinyoosha mkono bila kutazama, akatoa namba kumi na tatu.

Sifa zilienea. Mafundi walikuja kutoka pande zote za Butembo kuangalia. Walisimama mlangoni mmoja mmoja, kwa kuwa wawili hawakuenea, wakainua shingo na kutikisa kichwa kwa heshima. Mwalimu mmoja wa shule ya ufundi aliwaleta wanafunzi wake wakapanga mstari barabarani.

"Munaona," akawaambia. "Hii njo kazi. Tangu leo mutu asiniambie ati hana fasi."

Wanafunzi wakaandika. Hakuna aliyeuliza kwa nini fundi yule anatembea kiubavu.

Maana sasa Ananie alitembea kiubavu. Chumba cha nyuma kilikuwa kimebaki mwanya, na usiku alilala juu ya ubao, mikono imebana mapaja, pua karibu na matofali. Matofali yalihifadhi joto la jua, na si vibaya kulala karibu na kitu chenye joto. Jioni Berthe alipiga simu.

"Fasi ingali?" aliuliza kila mara.

"Ingali," alijibu kila mara. "Ya kutosha."

Ubatizo wa Jephté ukafika. Ananie aliusikiliza kwa simu, aliyoshikiwa na Falonne karibu na maji. Alisikia mtoto akilia, kisha watu wakiimba. Alikuwa amevaa shati jeupe. Solange alimletea maandazi ya sherehe, wakala, yeye Solange nje na Ananie ndani.

Katika majira ya mvua simu ikalia asubuhi, na sauti ikawa ya Falonne.

"Tata, mama anagonjwa. Homa hainashuka. Anakuita."

"Alisema nikuye?"

"Alisema usikuye. Mais usiku, wakati iko analala, anakuita."

Ananie akakata simu. Akatazama juu. Kuondoa vyombo vyote kungemchukua siku nzima, na asingekuwa na mahali pa kuviweka. Akaviacha vilivyo, kila kimoja katika tobo lake. Akavaa lile shati jeupe.

"Ninaenda kuona bibi yangu," akauambia ukuta, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuagana naye. Akafunga kufuli.

Bungulu alimkuta Berthe amekonda, midomo imekauka, anaongea na watu wasiokuwepo. Alikaa naye. Alimlisha uji, akamfuta jasho, akambeba hadi uani alipotaka kuona jua. Hakuharakisha, maana alijua kwamba kilichokuwa kichukuliwe kimekwisha kuchukuliwa. Homa ikashuka. Siku moja Berthe akafungua macho, akamtambua.

"Nani alibakia kule?" akauliza.

"Hapana mutu."

Berthe akafumba macho tena. Aliushika mkono wake na hakuuachia mpaka mchana ukapita.

Berthe alipoweza kusimama mwenyewe, Ananie alirudi Butembo kuangalia. Ukuta wa Kitsa ulikuwa umekutana na ukuta wa Solange. Zilikutana vizuri, hata wembe usingepita. Paa lilikuwa limekunjamana kati yao kama karatasi, na mlango haukuonekana. Ananie aliweka sikio kwenye matofali. Lori lilipopita barabarani, ndani mle vyuma viligongana, vidogo kwanza, halafu vikubwa. Vilikuwa bado vimepangwa.

Ignace alipita na utepe wake, akapima. "Sasa hapana tena mabishano," akasema kwa huzuni. "Hapana parseli."

Solange alikuwa amekaa ndani ya mlango wake, sufuria ya mafuta imesogezwa hadi kizingitini. Alimsalimu Ananie bila kutoka.

"Karibu, Papa. Unisamehe, sitakufuata hapo inje. Mutoto wa dada yangu njo ananiendeaka soko."

"Unafanya vizuri," Ananie akamwambia.

Kitsa alitoka ofisini mwenyewe, akampa pole kwa mikono miwili. Aliuliza habari za mgonjwa. Aliposikia kwamba Ananie anarudi Beni, na kwamba lori la saruji linakwenda hukohuko, akamwamuru dereva ampe fasi ya mbele, karibu na dirisha. Ananie alikaa kiubavu njia nzima hadi Bungulu.

Falonne aliwapa wazazi wake chumba kikubwa kinachotazama uani. Berthe alitandika kitanda kipana. Baada ya chakula cha mchana Ananie alijilaza hapo, mikono imebana mapaja, akakodoa macho kwenye dari. Berthe aliuchukua mkono wake mmoja, akaunyoosha juu ya godoro. Mkono ukarudi polepole. Akaunyoosha tena, na ukarudi tena.

"Unashindwa?" akamwuliza.

"Ni kubwa sana," Ananie akasema. "Siwezi kuona mwisho yake."

Hakuwa amelala tangu arudi. Berthe alimtazama kwa muda. Kisha akatandika mkeka chini, kando ya ukuta, akamwambia ashuke alale hapo. Akaenda nyuma ya kabati la nguo, akaliegemeza bega, na ingawa bado hakuwa na nguvu zote, akalisukuma, likakwaruza sakafu, hadi likabaki shibiri moja tu kati yake na bega la mumewe.

"Hivi?"

"Kidogo tena."

Akasukuma kidogo tena. Halafu akakaa sakafuni upande wa pili, mgongo wake kwenye mbao. Uani mtoto alikuwa akipiga sufuria kwa kijiko.

"Unanisikia?" Berthe akauliza.

"Ninakusikia."

Akangoja aseme neno lingine. Ananie alikuwa amekwisha kulala.