Baraza la Marehemu Juu ya Mtaro

Mtaro wa mtaa wetu hapa Semarang ulijengwa nikiwa bado nina kiuno. Siku hizo mtu mzima akisimama ndani yake ulimfika mapajani, na mvua za Januari hata zingekuwa kali vipi, maji yalipita mbio kwenda baharini bila kumsalimu mtu. Mume wangu Ngadiman alikuwa mmoja wa mafundi walioujenga, na hakumpa mtu nafasi ya kusahau.

Lakini mtaro nao huzeeka. Kila barabara inapotengenezwa, makandarasi humwaga lami mpya juu ya lami kuukuu. Barabara inapanda, sisi tunapandisha vizingiti, mtaro peke yake ndio unabaki chini kama bibi aliyesahaulika kwenye mkeka. Jumapili ya kwanza ya mwezi mtaa mzima tunatoka na majembe kuzoa tope. Tukishalizoa tunalirundika palepale ukingoni likauke, tunakunywa chai, tunapiga picha, tunaenda zetu. Jumanne mvua inalirudisha lote ndani. Miaka thelathini tunazoa tope lilelile. Matope mengine nayajua kwa sura.

Halafu kila mtu kaufunika mbele ya nyumba yake. Huyu kamwaga zege la kuegeshea pikipiki, yule kajenga banda la kuku. Mimi nina baraza. Ngadiman alinijengea miaka tisa iliyopita, la vigae vya kijani, linaenea meza tatu, na hapo ndipo ninapouzia pecel, yaani mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga. Alifariki miaka sita baadaye. Mimi kwenye lile baraza nilikuwa nakula, tena nilikuwa naishi na mume wangu.

Nyumba iliyokuwa ikifurika ni ya jirani yangu Mama Kasminah, upande maji yanakotokea. Huruma sikuwa nayo hata chembe. Mwanamke huyo aliazima sufuria yangu kubwa, ndefu, ya kupikia wali wa mvuke, urithi wa mama yangu, akapikie hitima ya baba yake, na sikuiona tena. Kwetu sufuria kubwa huzunguka mtaa mzima penye shughuli, lakini hurudi. Yeye akala kiapo kwamba alimkabidhi Ngadiman mkononi, siku niliyokuwa sokoni. Nikamuuliza Ngadiman.

"Sijaiona, mke wangu," akasema, akaendelea kupanga vigae.

Basi. Miaka tisa sikumpa salamu Kasminah. Nilimwita mwizi sokoni, msikitini, na kwenye foleni ya gesi.

Mwaka huu, Jumatano moja mvua ikanyesha kutwa. Harusi ya binti yake ilikuwa Jumapili, na maji yalikuwa magotini jikoni kwake, magunia mawili ya mchele yamelowa. Alhamisi asubuhi balozi wetu wa mtaa, Mzee Sugondo, akaja barazani na dada mmoja wa idara ya mitaro aitwaye Endah, kabeba nondo ndefu. Nyuma yao watu kumi wasio na kazi. Kasminah alisimama mlangoni kwake na ndoo.

Endah akaingiza nondo chini ya baraza langu. Ikapita kwenye tope, ikagota. Ngo!

"Mama, hapa kuna kitu kigumu," akasema. "Sehemu nyingine mtaro umejaa tope, lakini maji bado yanajipenyeza. Hapa yanagonga ukuta."

"Ukuta wa nani? Mume wangu ndiye aliyeujenga huo mtaro! Angeuziba mwenyewe? Ana wazimu?"

"Sijasema ana wazimu, mama. Nasema tuvunje tuone."

"Vunja kwenu!"

Mzee Sugondo akajikohoza. "Mama Warsinem, tafadhali. Wageni wa harusi watakaa wapi? Juu ya kabati?"

"Wakae kwa mwizi wao."

Kasminah akaweka ndoo chini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa akanitazama usoni. "Mwizi sawa," akasema. "Lakini aliyeziba mtaro ni mumeo."

Eh! Damu ilinipanda. Kumsema marehemu, tena yeye? Nikaingia ndani, nikatoa nyundo kubwa ya Ngadiman, nikamtupia balozi miguuni.

"Vunjeni! Mkikuta tope tupu, huyu mwanamke atapiga magoti aombe radhi mbele ya mtaa, na vigae mtanirudishia nyie kimoja kimoja."

Wakavunja. Kila kigae kilipopasuka nilikihesabu. Meza zangu zimetupwa barabarani, na mimi nimekunja mikono nikingoja Ngadiman asafishwe jina.

Zege lilipofunguka tukaona nguzo. Katikati ya mtaro, imebeba baraza zima, na kila mfuko wa plastiki wa mtaa umejikumbatia hapo. Fundi mzima alikosa matofali, akatafuta kitu kirefu cha duara, akakijaza zege, akakisimamisha. Endah akakimwagia maji. Tope likateleza, na ubavuni likatokea jina lililochongwa kwa msumari: SARMI. Jina la mama yangu, kwenye sufuria yake.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka.

Mzee Sugondo akaanza, "Wahenga walisema, kikulacho ki—"

"Funga domo, mzee."

Nilimkasirikia Ngadiman mpaka machozi yakatoka. Miaka sita alilala kitandani kwangu, akinisikia nikimtukana mwanamke wa watu kila asubuhi, na alichofanya ni kugeukia ukutani. Aliniogopa. Mungu alimwogopa kidogo, mimi aliniogopa kabisa, akaona heri Kasminah aungue. Nikaona aibu, yake na yangu.

Chini yetu maji yalikuwa yameshaanza kwenda. Jikoni kwa Kasminah yalishuka, yakaacha tope na kandambili moja.

Nikamwendea. Maneno niliyoyazoea ya kumwambia yalikuwa matusi tu, kwa hiyo nilisimama kama mjinga.

"Mama Kasminah," nikasema mwishowe, "uliirudisha."

"Niliirudisha."

"Nisamehe, dada yangu."

Akanipa mgongo. Akaingia ndani, nikajua nimestahili. Akatoka na sufuria kubwa ya wali, mpya, inang'aa, akanipa.

"Jiko langu tope tupu," akasema. "Wali wa Jumapili utapikia kwako. Na ukiirudisha, nikabidhi mimi mkononi. Usimpe mume wangu."